Jimbo la Ng'ambo, Unguja, 1957: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotajwa historia ya uchaguzi Zanzibar, watu hurukia 1961, 1963 au 1995. Uchaguzi wa kwanza kabisa, ule wa Julai 1957, hutajwa kwa sentensi moja kisha safari inaendelea. Ndani ya uchaguzi ule kulikuwa na jimbo moja la mjini ambalo naliona ndilo mlango wa zama za siasa: jimbo la Ng'ambo. Lilipiga kura ya uchaguzi mkuu mara moja tu, kisha likakatwa vipande. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu jimbo hilo, na majibu yangu.

Jimbo la Ng'ambo lilikuwa wapi?

Ni ule upande wa mji wa Unguja ulio mashariki ya Mji Mkongwe. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa kama rasi: bahari upande mmoja, na upande wa pili mkono wa maji uliojaa na kupwa. Ukitaka kutoka kwenye majumba ya mawe kwenda kwenye nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, ilibidi uvuke. Ndiyo maana upande ule ukaitwa ng'ambo, na pale pa kuvukia pakaitwa Darajani. Mkono ule wa maji ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo unapita juu yake kwa gari bila kujua kuwa chini yako palikuwa na madau.

Mitaa yake ni ile ambayo kila Muunguja anaijua: Mchangani, Vikokotoni, Mlandege, Kisiwandui, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Raha Leo na mingine iliyozidi kusogea kuelekea shamba.

Wakaazi wake walikuwa nani?

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni "Waafrika kutoka bara". Jibu hilo limepunguka. Walikuwepo Wanyamwezi, Wazaramo, Wamanyema na wengine waliokuja kutafuta kazi za bandarini na za karafuu, ni kweli. Lakini walikuwepo pia wajukuu wa watu waliotoka utumwani, ambao hawakuwa na kwao kwingine ila hapo. Walikuwepo Wahadimu na Watumbatu waliohamia mjini, Wangazija, Waarabu wasiokuwa na shamba wala jumba, na Wamanga, yaani Waarabu waliokuja kutoka Omani, wenye viduka vya pembeni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuimba taarabu kwa Kiswahili mpaka sauti yake ikavuka bahari katika sahani za santuri, aliishi na kufanya kazi yake Ng'ambo.

Na hawakuwa watu wa kukaa kimya wakisubiri uchaguzi uwafundishe siasa. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba ilikuwa yako, umeijenga kwa mikono yako, lakini kiwanja si chako, na mwenye kiwanja alikuwa akipandisha kodi. Mwaka 1948 wapagazi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mjini mzima. Yeyote anayesema siasa ya Ng'ambo ilianza na vyama vya miaka ya 1950 amesahau miaka 30 ya watu kugombania paa juu ya vichwa vyao.

Kabla ya 1957 nani aliwasemea katika Baraza?

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, chini ya himaya ya Waingereza. Wajumbe wasio wa serikali waliteuliwa, hawakuchaguliwa, na waliteuliwa kwa kabila: viti vya Waarabu, viti vya Wahindi, kiti cha Wazungu. Mwafrika wa kwanza aliingia humo mwaka 1946 tu. Yaani kwa miaka 20 Baraza la nchi hii lilikutana bila hata mtu mmoja wa jamii iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Mageuzi yalisukumwa kutoka pande mbili. Jumuiya ya Waarabu iligomea Baraza tangu 1954, baada ya viongozi wake kushitakiwa kwa makala za uchochezi katika gazeti lake la Al-Falaq, na ikadai uchaguzi wa daftari moja kwa watu wote. Waingereza nao walimleta W. F. Coutts kuchunguza njia ya kuchagua wajumbe. Matokeo yake yakawa viti sita vya kuchaguliwa, vyenye majimbo sita: Mji Mkongwe, Ng'ambo, Unguja Kaskazini, Unguja Kusini, Pemba Kaskazini na Pemba Kusini.

Angalia majina hayo. Mji mmoja, majimbo mawili, na mpaka wa majimbo ni ule ule mkono wa maji. Waliochora ramani walichukua mgawanyo wa mawe na makuti wakaufanya mgawanyo wa kura.

Je, lilikuwa jimbo la Bunge?

Kwa maana ya leo, hapana. Lilikuwa jimbo la Baraza la Kutunga Sheria, na Baraza lenyewe bado lilikuwa na maofisa wa serikali na wajumbe wa kuteuliwa kupita hao sita. Lakini kwa mpiga kura wa Ng'ambo tofauti hiyo haikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza aliulizwa: unamtaka nani?

Nani aliruhusiwa kupiga kura?

Hapa ndipo watu wengi hushituka. Wanaume peke yao. Wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Raia wa Sultani tu. Na juu ya hayo yalikuwepo masharti ya kujua kusoma na kuandika, na ya kipato au mali, ingawa wenye umri mkubwa walilegezewa baadhi yake.

Jaribu kumpitisha mtu mmoja kwenye chujio hilo. Mpagazi wa bandarini, miaka 30, baba yake alikuja kutoka Tabora, yeye mwenyewe kazaliwa Miembeni. Hakupita skuli. Anaulizwa: wewe raia wa Seyyid? Karatasi yako iko wapi? Na mkewe, anayeuza vitumbua asubuhi na kulipa nusu ya kodi ya kiwanja, haulizwi chochote.

Sensa ya 1958 iliukuta mji wa Zanzibar ukiwa na watu karibu 58,000. Kura zilizohesabiwa Ng'ambo 1957 zilizidi kidogo 4,300. Wanawake wa Zanzibar walisubiri hadi 1961 ndipo nao wakapanga foleni.

Waliogombea walikuwa nani?

Wapo watatu, lakini macho yote yalikuwa kwa wawili.

Abeid Amani Karume alikuwa baharia wa zamani aliyeongoza chama cha wenye mashua za kupakia abiria kutoka melini. Alikuwa kiongozi wa Jumuiya ya Waafrika, na Februari 1957 jumuiya hiyo iliungana na Jumuiya ya Washirazi kuzaa Afro-Shirazi, ambayo mitaani iliitwa "Afro" tu. Chama kilikuwa na miezi mitano kilipoingia uchaguzini.

Ali Muhsin Barwani alikuwa msomi wa Makerere, mhariri wa gazeti la Mwongozi na sauti kubwa ya Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, iliyoundwa Desemba 1955. Mizizi ya Hizbu ilikuwa katika chama cha wakulima wa Kiembe Samaki, jambo ambalo wapinzani wake hawakupenda kukumbushwa, kwa sababu wao walikiita chama cha mabwana.

Wa tatu alisimama kwa kujitegemea na akapata kura 55.

Kwa nini Ali Muhsin alisimama Ng'ambo badala ya kutafuta kiti chepesi?

Mimi naliheshimu sana jambo hili, hata kama lilimgharimu. Hizbu ilikuwa ikisema kwamba ni chama cha raia wote wa Sultani bila kujali rangi. Mahali pa kuthibitisha maneno hayo palikuwa Ng'ambo, mbele ya Karume mwenyewe. Angeshinda pale, au hata angekaribia, hoja ya kwamba siasa ya Zanzibar lazima iende kwa asili ingevunjika nguvu. Alikwenda kwenye uwanja wa mwenzake kwa makusudi.

Watu husema alijidanganya. Huenda. Lakini kiongozi anayekwenda kuomba kura kwa watu wanaomshuku ana kitu ambacho siasa yetu ya baadaye ilikipoteza.

Ni kweli kwamba uraia wa Karume ulipingwa?

Ni kweli. Hizbu walipinga kuandikishwa kwake kwa madai kwamba hakuzaliwa Zanzibar na kwa hiyo si raia wa Sultani. Shauri lilisikilizwa na likaamuliwa kwa faida ya Karume, ambaye alisema kazaliwa Mwera, Unguja. Akabaki kwenye daftari, akagombea.

Kisheria jambo lilikwisha hapo. Kisiasa ndipo lilipoanza. Kwa kila mkaazi wa Ng'ambo aliyekuwa na babu wa bara, kesi ile haikuwa ya mtu mmoja. Kama Karume anaulizwa alizaliwa wapi, na mimi je? Watoto wangu je? Hizbu walitaka kumtoa mgombea mmoja, kumbe wameipa Ng'ambo yote sababu ya kujiona imeshitakiwa. Nakiri kwamba katika historia nzima ya jimbo hili, hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu swali la "nani mwenyeji" halikurudi tena ndani ya chupa. Lilikuwepo 1961. Lilikuwepo kwa namna ya kutisha Januari 1964. Na limekuwa likiibuka kila daftari la wapiga kura linapofunguliwa.

Matokeo yalikuwaje?

Karume kura 3,328. Ali Muhsin kura 918. Mgombea wa kujitegemea 55.

Yaani zaidi ya robo tatu ya kura zilikwenda kwa baharia. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa 2,410. Ziweke nambari hizo pembeni, nitazirudia.

Na zile 918 zisidharauliwe. Ni mtu mmoja katika kila watano waliofika kituoni Ng'ambo. Hawakuwa Waarabu watupu, mtaa haukuwa na Waarabu wengi kiasi hicho wenye sifa za kupiga kura. Walikuwepo watu wa Ng'ambo walioamini kwamba Zanzibar ya raia wa rangi zote inawezekana, wakapiga kura hiyo wakijua majirani zao watapiga nyingine.

Je, Hizbu ilipata viti vingapi nchini?

Hakuna hata kimoja. Afro-Shirazi ilichukua viti vitatu vya Unguja, ukiondoa Mji Mkongwe uliokwenda kwa mgombea wa Jumuiya ya Waislamu. Pemba walishinda Ali Sharif na Mohamed Shamte, ambao hawakusimama kwa tiketi ya Afro lakini waliungana nayo baadaye, na ndiyo maana utasikia wengine wakisema Afro ilipata viti vitano.

Muungano huo haukudumu. Mwishoni mwa 1959 Shamte na wenzake walijitoa, wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party. Ukitaka kuelewa kilichotokea 1961 na 1963, anza na kuondoka kwa Shamte.

Nini kilitokea mitaani baada ya uchaguzi?

Uchaguzi wenyewe ulipita kwa amani. Baada yake, amani ikaanza kuchacha.

Wafuasi wa Afro walihimizana wasinunue katika maduka ya Waarabu. Maduka ya ushirika yakafunguliwa ili watu wapate mchele na mafuta ya taa kwa wenzao. Mmanga wa kona ambaye kwa miaka alikuwa akikopesha sukari hadi mwisho wa mwezi akajikuta hana mnunuzi. Huko mashamba, wenye mikarafuu waliwafukuza maskwota waliowashuku kuwa ni Afro, watu waliokuwa wamelima mihogo chini ya mikarafuu ile kwa makubaliano ya miaka mingi. Bandarini makundi ya wapagazi yakagawana kwa chama. Jamaa waliokuwa wakizikana wakaanza kuulizana kadi kwanza.

Mwaka 1958 jumuiya ya vyama vya ukombozi ya Afrika Mashariki na Kati, PAFMECA, ilijaribu kuvipatanisha vyama, na ikaundwa Kamati ya Ukombozi iliyowakutanisha Afro na Hizbu meza moja. Kwa muda kidogo joto lilishuka. Halikupoa.

Jimbo lilikufa lini na kwa nini?

Lilikufa kwa kukatwa. Mwaka 1960 Sir Hilary Blood alikuja kuchunguza katiba, na nchi ikaelekea kwenye Baraza lenye wajumbe wengi wa kuchaguliwa. Viti sita vikawa 22 kwa uchaguzi wa Januari 1961. Ng'ambo moja isingeweza kubaki ilivyo, ikagawanywa katika majimbo madogo yaliyochukua majina ya mitaa, kama Jang'ombe na Raha Leo. Umri wa jimbo hauifikii miaka minne.

Hakukuwa na sherehe ya kuliaga, na nadhani wakati ule hakuna aliyeliona kama msiba. Watu walitaka viti zaidi, wakavipata.

Basi kwa nini lina umuhimu wowote?

Rudi kwenye zile kura 2,410.

Ili Karume ashinde Ng'ambo alihitaji kura 919. Alipata 3,328. Zilizobaki, zaidi ya 2,400, zilionyesha mapenzi ya watu lakini hazikununua kiti cha pili. Mwaka 1957 hilo halikuwa na madhara, kwa sababu viti vingine vilishindwa pia. Lakini ndani ya nambari hizo kulikuwa na ugonjwa ambao ungeonekana baadaye: Afro ilikuwa inashinda kwa wingi mkubwa mno katika ngome zake, na kushindwa kwa wachache kwingine.

Januari 1961 matokeo yalikuwa Afro viti 10, Hizbu 9, chama cha Shamte 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Moja! Huku mjini masanduku ya Afro yakifurika. Wale watatu wa Shamte wakagawanyika, wawili Hizbu na mmoja Afro, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Jimbo moja likaongezwa ili pasiwe na sare tena, uchaguzi ukarudiwa 1 Juni 1961, na siku ile ile ghasia zikaanza mjini. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu wa mashamba, wauzaji wa viduka na wakulima wadogo ambao hawakuwa na mkono wowote katika ramani ya majimbo.

Julai 1963, majimbo yalipokuwa 31, Afro ilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu viti 12, chama cha Shamte 6. Wenye kura chache waliungana wakaunda serikali, kwa mujibu wa sheria kabisa, na uhuru ukapokelewa 10 Desemba 1963. Siku 33 baadaye serikali hiyo haikuwepo.

Siwezi kusema mipaka ya majimbo ndiyo iliyoleta mapinduzi. Ardhi, kazi, kumbukumbu ya utumwa, kufukuzwa kwa maskwota, kufutwa kazi kwa polisi wenye asili ya bara, yote yalikuwemo. Ninachosema ni kwamba mtu wa Ng'ambo aliyepiga kura 1957 akashinda, akapiga 1961 akaambiwa sare, akapiga 1963 akaambiwa mko wengi lakini mmeshindwa, alikuwa na haki ya kueleweshwa hesabu ile. Sijaona dalili kwamba kuna aliyekaa naye barazani akamweleza.

Ali Muhsin na Karume walimalizia wapi?

Karume akawa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964, na Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Aliuawa kwa risasi 7 Aprili 1972, Kisiwandui, katika makao ya chama chake. Ni ndani ya lile lile jimbo lake la zamani.

Ali Muhsin alikuwa waziri katika serikali ya 1963. Baada ya mapinduzi alifungwa Tanzania Bara kwa takriban miaka 10, kisha akaishi uhamishoni, na akafariki 2006 akiwa Omani.

Baada ya 1964 Ng'ambo ilipiga kura tena lini?

Ng'ambo haikupata mwakilishi wa kuchagua kwa miaka mingi. Baraza la Wawakilishi liliundwa 1980, chini ya chama kimoja. Uchaguzi wa vyama vingi ulirudi 1995, yaani miaka 32 tangu ule wa 1963. Kijana aliyekosa kupiga kura 1963 kwa upungufu wa mwaka mmoja wa umri alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu alipopewa karatasi yenye vyama zaidi ya kimoja.

Leo Ng'ambo ni jimbo gani?

Hakuna jimbo lenye jina hilo. Eneo lake limo katika majimbo kadhaa ya Mkoa wa Mjini Magharibi, yakiwemo Kikwajuni, Shaurimoyo, Jang'ombe na Kwahani, na kila jimbo linatoa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi na mbunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano.

Nikienda nitaona nini?

Majengo, hutaona mengi. Sehemu kubwa ya nyumba za 1957 zilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyokatiza katikati ya mitaa ya zamani kama msalaba. Wengi waliopiga kura ile walihamia ghorofani kutoka kwenye viwanja walivyokuwa wakivilipia kodi.

Lakini fanya hivi. Anza sokoni Darajani asubuhi, mgongo wako uuelekeze Mji Mkongwe. Vuka barabara kubwa, ile iliyolala juu ya mkono wa maji uliofukiwa. Ingia Mchangani, pita Vikokotoni na Mlandege, wauza kanga na wauza ndoo watakusukuma kidogo. Pinda kuelekea Kisiwandui, kisha Kikwajuni, ambako bado utakuta vichochoro vya nyumba za chini na mabaraza ya saruji yaliyosuguliwa na makalio ya miaka mingi. Hiyo ni chini ya nusu saa kwa miguu. Ukimkuta mzee amekaa, mpe shikamoo, na muulize baba yake aliwahi kuandikishwa 1957, na kama hakuandikishwa, ni sharti lipi lililomtoa.